Mwanamke mmoja au watatu, malaika mmoja au wawili: jinsi ya kuwafundisha vijana habari za ufufuo

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha vijana wa kipaimara katika parishi moja wilayani Chamwino, Dodoma. Baada ya Pasaka tulisoma habari za ufufuo katika Injili zote nne, wakaanza kuhesabu. Yohana ana mwanamke mmoja, Marko ana watatu. Mathayo ana malaika mmoja, Luka ana wawili. Mwingine akapiga hesabu kwamba toka Ijumaa saa tisa alasiri hadi Jumapili alfajiri ni kama saa 38 tu, sasa hizo siku tatu usiku na mchana ziko wapi? Kijana mmoja akahitimisha: basi habari imetungwa. Nikawaambia tutalirudia. Nirudi na nini?

JIBU: Amina, mwalimu. Rudi na karatasi mbili za manila, kalamu ya wino mzito, Biblia nne au zaidi, na dakika 90. Usirudi na karipio. Vijana waliohesabu wanawake na malaika wameyasoma Maandiko kwa makini kuliko watu wazima wengi, na maswali yao ni ya siku nyingi kanisani. Eusebio, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, aliandika kitabu cha kumjibu mtu aliyemuuliza mambo haya haya: mbona Mathayo anasema hivi na Yohana vile?

Kinachoharibu somo hili mara nyingi ni haraka ya kuziunganisha Injili nne ziwe habari moja kabla ya kusoma kila moja peke yake. Mwalimu anachukua tetemeko la Mathayo, kijana wa Marko, Emau ya Luka na Mariamu wa Yohana, anavipanga kwa mfuatano wake mwenyewe, na kila kisichoingia anakisukuma kwa nguvu. Kijana mwenye akili anaona mahali pa kusukuma. Kuanzia hapo anadhani anafichwa jambo.

Kwa hiyo gawa darasa makundi manne, kila kundi Injili moja tu. Msianzie Jumapili asubuhi, anzeni maziko: Mathayo 27:57 hadi 28:20, Marko 15:42 hadi 16:8, Luka 23:50 hadi 24:53, Yohana 19:38 hadi mwisho wa sura ya 21. Chora safu nne kwenye manila, na kushoto andika maswali: nani alimzika, nani aliona akizikwa, nani walikwenda kaburini, ilikuwa saa gani, jiwe lilikuwaje, walimkuta nani, waliambiwa nini, walifanya nini, na Yesu aliwatokea nani na wapi. Wape dakika 30. Kanuni ni moja, na uisimamie: andika kilichomo katika kifungu chako, usiongeze unachokumbuka kutoka filamu au igizo la Pasaka. Kundi la Marko litataka kuandika tetemeko la nchi. Waulize liko aya gani. Halimo.

Manila ikijaa, anza na yanayofanana, maana ndiyo mengi. Wote wanne wanamtaja Yusufu wa Arimathaya. Wote wanamtaja Mariamu Magdalene. Wote wanasema ilikuwa mapema, siku ya kwanza ya juma. Jiwe limeondolewa, mwili haumo, na habari inawafikia wanawake kabla ya mitume. Kisha waulize swali ambalo wengi hawajawahi kulifikiria: ni Injili ipi inayosimulia Yesu akitoka kaburini? Watatafuta. Hakuna. Mathayo anasimulia malaika akilivingirisha jiwe na kuliketia, lakini hata yeye hasemi kwamba mtu alitoka wakati ule. Malaika anawaambia wanawake kwamba hayupo, waje wapatazame mahali alipolazwa. Tukio lenyewe halikuwa na shahidi, na waandishi wote wanne wameliacha hivyo bila kulijazia. Naona hili ndilo jambo la kwanza la kumwonyesha kijana aliyesema habari imetungwa. Mtunzi asingeiacha wazi sehemu ambayo kila msikilizaji anaitaka.

Sasa tofauti. Wanawake kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi. Yohana anamtaja Mariamu Magdalene peke yake, lakini msikilize anavyosema akiwakimbilia Petro na mwanafunzi mwingine katika Yohana 20:2: wamemwondoa Bwana kaburini, “wala hatujui walikomweka”. Hatujui, sisi. Hakuwa peke yake, ila Yohana anamfuata yeye kwa sababu habari anayokwenda kuisimulia ni ya Mariamu kuitwa kwa jina lake. Mwonyeshe kijana wako jambo hilo hilo kwa Luka. Katika Luka 24:12 Petro anakimbia kaburini, hatajwi mwingine. Aya ya 24, sura ile ile, wale wawili wa njia ya Emau wanasema baadhi ya wenzao walikwenda kaburini, kwa wingi. Mwandishi mmoja, ukurasa mmoja. Kumtaja mmoja si kusema hakuwapo mwingine.

Malaika wanahitaji uangalifu zaidi. Marko anasema kijana aliyevaa vazi jeupe, ameketi upande wa kuume. Mathayo anasema malaika wa Bwana. Luka anasema watu wawili waliovaa nguo za kumeta-meta, na baadaye katika sura hiyo hiyo anawaita malaika. Yohana ana malaika wawili, mmoja kichwani na mmoja miguuni pa mahali mwili ulipolazwa. Jibu la kawaida ni kwamba walikuwa wawili na mwandishi mwingine akamtaja msemaji tu. Linawezekana, nawe unaweza kulitaja. Lakini usiliapie. Tazama pia kwamba Luka ana wawili tena wenye mavazi meupe wakati wa kupaa, Matendo 1:10, na sheria ya Kumbukumbu la Torati 19:15 ilitaka jambo lithibitishwe na mashahidi wawili au watatu. Huenda Luka anasimulia kwa namna ambayo msikilizaji aliyeijua Torati angeitambua. Waandishi wa zamani walikuwa na uhuru huo wa kusimulia. Luka mwenyewe anasimulia wongofu wa Paulo mara tatu, Matendo sura ya 9, 22 na 26. Katika 9:7 wasafiri wenzake waliisikia sauti, katika 22:9 hawakuisikia sauti ya yule aliyesema naye. Mtu yule yule, kitabu kile kile. Anayedai kwamba tofauti ya namna hii inaiua habari, itabidi amshtaki Luka kwa kujipinga mwenyewe bila kujua.

Kuhusu siku tatu, msaada uko karibu. Waombe wasome Mathayo 27:63 na 64 kwa sauti. Wakuu wa makuhani wanamwambia Pilato kwamba Yesu alisema “baada ya siku tatu” atafufuka, na papo hapo wanaomba kaburi lilindwe “hata siku ya tatu”. Kwao maneno hayo mawili yalikuwa na maana moja. Kisha Esta 4:16: Esta anaagiza watu wafunge siku tatu, usiku na mchana, na 5:1 inasema siku ya tatu akavaa mavazi ya kifalme akaingia kwa mfalme. Wayahudi walihesabu sehemu ya siku kuwa siku. Ijumaa kabla ya jua kuzama ni siku ya kwanza, Sabato ni ya pili, na baada ya jua kuzama Jumamosi imeanza ya tatu. Sisi wenyewe husema hivyo: mgonjwa aliyelazwa Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi ndugu wanasema leo siku ya tatu yuko wodini, na hakuna anayewadai saa 72. Kijana wako kapiga hesabu sawa ya saa, ila alikuwa anajibu swali ambalo waandishi hawakuliuliza.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu moja. Saa za Injili ni saa zetu. Marko anaposema saa tatu walimsulubisha, saa sita giza likaingia, saa tisa akakata roho, soma kama mnavyotaja saa nyumbani kwenu: asubuhi, adhuhuri, alasiri. Lakini kundi la Yohana likiwa makini litasimamisha mkono, kwa maana Yohana 19:14 inasema Yesu alikuwa bado mbele ya Pilato yapata saa sita, tena ilikuwa Maandalio ya Pasaka, ilhali Marko, Mathayo na Luka wanaonyesha kwamba karamu ya mwisho ilikuwa ndiyo chakula cha Pasaka. Hiyo ni tofauti ya kweli. Wataalamu wameipendekezea masuluhisho mengi na hawajakubaliana. Liseme hivyo hivyo darasani. Kuhusu mwaka, Pilato alitawala Uyahudi toka mwaka 26 hadi 36, na tarehe zinazopendekezwa zaidi kwa Ijumaa ile ni Aprili 7 mwaka 30 au Aprili 3 mwaka 33.

Kuna swali gumu kuliko hayo yote ambalo vijana hawajakuuliza, na ni heri ulitoe wewe. Yesu aliyefufuka aliwatokea wapi? Katika Marko ujumbe ni kwamba anawatangulia kwenda Galilaya. Mathayo anamaliza mlimani Galilaya. Luka hasimulii tokeo lolote Galilaya: yote ni Yerusalemu na kandokando yake, na wanaamriwa wakae mjini. Yohana ana Yerusalemu katika sura ya 20 na bahari ya Tiberia, yaani Galilaya, katika sura ya 21. Toka Yerusalemu hadi Galilaya ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Ukiisoma Luka 24 peke yake utadhani mambo yote, toka kaburini hadi kupaa, yalitokea siku moja. Lakini Luka huyo huyo anafungua Matendo kwa kusema Yesu alijidhihirisha kwa siku 40. Kwa hiyo tunajua kwa mkono wake mwenyewe kwamba katika Injili amefupisha. Hilo linafungua nafasi ya Galilaya, bila kutulazimisha kupanga ratiba ya kila siku. Mimi nisingejaribu kuipanga. Wengi wamejaribu, na kila ratiba inashonwa kwa nyuzi ambazo hazimo katika maandiko.

Mwisho wa Marko nao. Nimekuambia kundi la Marko liishie 16:8, pale wanawake wanapokimbia na kutomwambia mtu neno kwa kuwa waliogopa. Nakala mbili kongwe za karne ya 4 zenye Injili nzima ya Marko, zinazoitwa Sinaitiko na Vatikano, zinaishia hapo hapo. Aya ya 9 hadi 20 zimo katika nakala nyingi za baadaye, nazo zinasomwa kanisani, ila mtindo wake ni tofauti na zinaonekana kukusanya habari zilizoko katika Injili nyingine na Matendo. Hili lina matumizi ya moja kwa moja kwako. Aya ya 18 inazungumzia kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha. Wako wahubiri wanaowapima watu imani kwa aya hiyo. Wewe usijenge fundisho lolote juu yake, na uwaambie vijana waziwazi kwamba hakuna aliyeamriwa kumjaribu Mungu kwa koboko au sumu.

Kabla ya kwenda mbele, wasaidie waone kaburi, kwani huku wanawaza shimo la futi sita lenye udongo juu. Yerusalemu imejengwa juu ya mawe ya chokaa, laini kiasi kwamba fundi mwenye patasi anaweza kuchonga chumba ndani yake. Miamba ya graniti inayozunguka Dodoma haingekubali. Mlango ulikuwa mdogo na wa chini, ndiyo maana Yohana 20:5 inasema mwanafunzi aliinama kuchungulia. Ndani kulikuwa na kibao cha mwamba cha kumlaza maiti, na vishimo virefu vya kusukumia miili ubavuni mwa ukuta. Mwili ulioshwa ukafungwa kwa kitani na manukato. Nikodemo alileta manemane na uudi yapata ratli mia, za Kirumi, kama kilo 33, theluthi ya gunia la mahindi la kilo mia. Ni nyingi mno, kiasi cha maziko ya mfalme, na Yohana anataka tulione hilo. Baada ya kama mwaka mmoja ndugu walirudi, wakakusanya mifupa na kuitia katika sanduku dogo la mawe, ili nafasi itumike tena. Kaburi lilikuwa mali ya ukoo, mlango wake ukifunguliwa na kufungwa mara nyingi. Ndiyo sababu jiwe lilikuwa la kuondolewa, na ndiyo sababu wanawake waliwaza kuingia.

Wengine husema aliyesulubiwa hakuzikwa, alitupwa mbwa wamle. Mara nyingi ndivyo Warumi walivyofanya. Lakini Kumbukumbu la Torati 21:23 inaamuru aliyetundikwa azikwe siku ile ile, na mwaka 1968 kaskazini mwa Yerusalemu lilipatikana sanduku la mifupa la karne ya kwanza, limeandikwa jina Yehohanan, na ndani yake mfupa wa kisigino uliopigiliwa msumari ambao bado umo. Mtu huyo alisulubiwa, na ndugu zake walimzika kwa heshima. Haithibitishi maziko ya Yesu, bali inaondoa hoja kwamba jambo hilo lisingewezekana.

Mpaka hapa hujafika kiini. Kaburi tupu peke yake halikumshawishi karibu mtu yeyote katika Injili. Mariamu alipolikuta tupu alidhani mwili umehamishwa. Katika Luka mitume waliyaona maneno ya wanawake kuwa upuzi. Yule mwanafunzi wa Yohana 20:8 aliona akaamini, lakini ni yeye tu. Wengine waliamini kwa sababu walimwona. Ndiyo maana kipindi cha pili lazima kiwe cha 1 Wakorintho 15:3-8, na kama ungekuwa na kipindi kimoja tu ningekushauri ufundishe hicho uache manila.

Paulo aliandika waraka huo kutoka Efeso kama mwaka 54, kabla ya Injili yoyote kuandikwa. Marko huwekwa kwenye mwaka 70 hivi. Tena anasema anawapa kile alichokipokea yeye. Sikilizeni mdundo wake: alikufa, alizikwa, alifufuka, alimtokea. Ni maneno ya kukaririwa, kama Imani ya Mitume mnayoikariri ibadani. Aliyapokea lini? Wagalatia 1:18-19 inasema miaka mitatu baada ya kuitwa kwake alipanda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa, yaani Petro, siku 15, akamwona na Yakobo ndugu yake Bwana. Hao wawili wamo kwa majina katika orodha ya Paulo ya waliotokewa. Kwa hiyo ungamo hili linaturudisha kwenye miaka michache tu baada ya msalaba, kwa watu waliohusika wenyewe. Anataja na ndugu zaidi ya 500 waliomwona kwa pamoja, akiongeza kwamba wengi wao wangali hai. Msomaji wa Korintho angeweza kwenda kuwauliza.

Wanawake hawamo katika orodha ya Paulo. Kijana akiliona hilo, msifu. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo, anaandika kwamba ushahidi wa wanawake haukupaswa kupokelewa barazani. Orodha ya kutangaza hadharani ikawataja ambao watu wangewakubali. Sasa ligeuze: Injili zote nne, zilizoandikwa baadaye, zinawaweka wanawake kuwa wa kwanza. Aliyekuwa anatunga ushahidi wa kushawishi asingewachagua wao.

Nje ya Biblia mtu asikudanganye kwamba kuna ushahidi wa ufufuo. Tacitus, Mrumi, akiandika kama mwaka 116, anasema Kristo aliuawa na Pontio Pilato wakati wa Tiberio. Josephus anataja kuuawa kwa Yakobo, ndugu yake Yesu aitwaye Kristo. Hayo yanathibitisha mtu na kifo. Wanahistoria wengi, wenye imani na wasio nayo, wanakubali mambo matatu: Yesu alisulubiwa chini ya Pilato, wafuasi wake mapema sana walisadiki kwamba wamemwona hai, na watu kama Paulo aliyekuwa mtesi na Yakobo ambaye hakumwamini nduguye (Yohana 7:5) waligeuka. Kaburi tupu linabishaniwa zaidi. Kutoka kwenye “walisadiki kwamba wamemwona” hadi “amefufuka kweli” ni hatua ya imani, na imani hiyo ina sababu zake. Usiiuze kama hesabu ya darasani.

Kuna swali jingine ambalo kwa hapa kwetu litakuja, hata kama kwa kunong'ona: je, si sawa na msukule? Vijana wamekua wakisikia habari za watu waliodhaniwa wamekufa, kumbe wamechukuliwa, wakarudishwa bila fahamu. Wengine wamesikia mahubiri ya kurudisha misukule. Usilikimbie. Habari za msukule zinasema mtu hakufa kweli, alifichwa na mtu mwenye nguvu za giza, akarudi amepungua, hajui kwao, anatumikishwa. Injili zinasema kinyume kila mahali. Pilato alistaajabu kusikia amekufa upesi, akamwita akida aliyesimamia, akapata hakika kabla ya kutoa mwili, Marko 15:44-45. Alizikwa na mtu mashuhuri wa baraza, mbele ya wanawake waliotazama. Na aliyefufuka ndiye anayewajua wengine kabla hawajamjua: anamwita Mariamu kwa jina, anawafafanulia Kleopa na mwenzake Maandiko njiani stadio 60, kama kilomita 11, anamjibu Tomaso maneno aliyoyasema yeye hayupo. Wala si mzimu. Katika Luka 24:39 anawaambia wamshike, roho haina nyama na mifupa, kisha anakula kipande cha samaki mbele yao.

Hapo hapo tofautisha na Lazaro, binti Yairo na mwana wa mjane wa Naini. Hao walirudishiwa maisha haya haya, na walikufa tena. Kwa Yesu waandishi wanahangaika kueleza kitu kisicho na mfano: ana makovu ya misumari, anashikika, lakini anaingia milango ikiwa imefungwa, na rafiki zake hawamtambui mara moja. Paulo anatumia mbegu. Unachokipanda si mwili utakaokuwa, ni chembe tupu. Kwa vijana wanaolima uwele na mtama huhitaji kuongeza kitu. Wasome 1 Wakorintho 15:36-44 na waeleze wenyewe, watakueleza vizuri kuliko kitabu.

Yapo ya kuyaacha kabisa. Ile meseji ya WhatsApp kwamba leso iliyokunjwa kaburini ilikuwa desturi ya Kiyahudi ya bwana kumwambia mtumishi “nitarudi mezani” haina chanzo chochote cha Kiyahudi kinachojulikana. Maana ya leso katika Yohana ni rahisi: mwizi wa maiti hasimami kuvua sanda. Kumwita Mariamu Magdalene kahaba hakumo katika Injili. Luka 8:2 inasema alitokwa na pepo saba, na sifa hiyo nyingine ilienezwa na mahubiri ya Papa Gregori wa Kwanza mwaka 591. Barua za Pilato kwa Kaisari kuhusu ufufuo ni maandishi ya kubuni ya karne za baadaye. Sanda ya Turin, kitambaa kinachodaiwa kuwa sanda ya Yesu, ilipimwa umri wake kwa kaboni mwaka 1988 ikaonyesha miaka ya 1260 hadi 1390. Wapo wanaopinga kipimo hicho, lakini imani ya kijana wa Chamwino haina haja ya kuning'inizwa hapo.

Kwa kuwa wanasoma shule moja na wenzao Waislamu, wajue pia kwamba Surat An-Nisaa aya ya 157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Kwa hiyo Mkristo na Mwislamu hawatofautiani kwanza juu ya kaburi, wanatofautiana juu ya msalaba. Kijana akilijua hili ataacha kubishana juu ya malaika wawili na mtu ambaye swali lake liko siku mbili nyuma. Wafundishe kueleza wanachokiamini na kusikiliza. Mihadhara ya kushindana waiache.

Na yule aliyesema habari imetungwa? Asiaibishwe, wala asilazimishwe kukana neno lake mbele ya wenzake. Mpe kazi kwa kipindi cha pili: asome Mathayo 28:17, Luka 24:11 na Yohana 20:25, aandike katika kila aya ni nani aliyekuwa na shaka na alijibiwaje. Atakuta kwamba mlimani, mbele ya Yesu mwenyewe, baadhi waliona shaka, na Mathayo hasemi kwamba walifukuzwa. Aya inayofuata Yesu anawakaribia na kuwatuma wote. Akimaliza kuwasomea wenzake, yeye ndiye asimame asome 1 Wakorintho 15:3-8, polepole, na darasa likariri baada yake mpaka wazijue aya hizo kwa moyo. Yohana 21 na wale samaki 153 viache kipindi cha tatu, maana hapo watakuuliza habari za Petro, nazo zinahitaji saa yake nzima.